Vijana wa Kiungani

Wamisionari Askofu William Tozer na Dakta Edward Steere walipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid aliwakabidhi watoto watano wa kiume waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Na kwa watoto hao, waliokwisha kutengwa na jamaa zao, ndipo ilipoanza skuli ambayo baadaye ilikaa Kiungani, kusini ya mji. Lugha zao za kuzaliwa zilikuwa mbalimbali, wala hapakuwa na iliyowajumuisha ila Kiswahili. Kwa sababu hiyo Steere alijitia katika kazi ya kuifasiri Injili na nyimbo za ibada, na vijana wenyewe wakafundishwa kupanga herufi katika matbaa ya misheni. Jambo hili nalihesabu kuwa tukufu kuliko majengo yote, kwani kijana aliyeketi na wenzake kuutafakari mfano wa mpanzi, yamkini alikuwa amekwisha kuyagusa maneno ya namna hiyo kwa vidole vyake, herufi baada ya herufi. Na aliyewahi kunyakuliwa kwao hakuhitaji sharhe ndefu ili aifahamu ile mbegu iliyonyakuliwa na ndege kando ya njia.

Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, kanisa kuu lilijengwa pale pale lilipokuwa soko, na sauti za kuimba zikasikika mahali palipokuwa pa mnada. Mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale watano, alipewa daraja ya ushemasi.