Talanta, Butura na Mtamba: Kipimo cha Mtumishi Mwaminifu Karagwe na Kyerwa

Mfano wa talanta katika Mathayo 25 una kambi mbili zinazovutana. Kambi ya kwanza iko mimbarini. Kila msimu wa mavuno, waumini wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, husikia kwamba mtumishi mwaminifu ni yule aliyezalisha: aliyepewa tano akaleta kumi. Mahubiri hayo huishia kwenye bahasha ya ahadi, na kwa wahubiri wa injili ya mafanikio huishia kwenye gari na nyumba mpya, eti ndio ushahidi kwamba Bwana amependezwa. Kambi ya pili iko vyuoni. Richard Rohrbaugh mwaka 1993, na William Herzog katika kitabu chake cha 1994 juu ya mifano ya Yesu, walidai kwamba anayestahili sifa ni mtumwa wa tatu. Machoni pa mkulima wa Galilaya, walisema, bwana anayevuna asipopanda ni mnyonyaji, na aliyeifukia talanta ndiye pekee aliyekataa kumsaidia kunyonya. Naona kambi zote mbili zimekosea, ingawa kosa la ya pili lina manufaa zaidi kwetu. Swali la uaminifu ni faida inakwenda kwa nani, na nani ana haki ya kuiulizia hesabu.

Kambi ya pili inastahili kusikilizwa kwanza, maana Karagwe hatuhitaji kusafiri hadi karne ya kwanza ili tumjue mtu anayevuna asipopanda. Robusta huchumwa kuanzia katikati ya mwaka. Sare na madaftari huhitajika Januari, na ugonjwa na msiba havingoji msimu. Mkulima aliyebanwa huuza kahawa ikiwa bado ni maua au matunda mabichi mtini, kwa bei anayoitaja mwenye fedha. Hiyo ndiyo butura. Siku ya kuchuma, jasho ni la mwenye shamba na gunia ni la mwingine. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini butura imeendelea, kwa sababu marufuku peke yake haimvishi mtoto sare. Ushirika ulianzishwa kumkinga mkulima na mlanguzi, tangu ule wa Bukoba wa mwaka 1950 hadi KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe. Hata hivyo chama cha msingi kinapochelewesha malipo, mwanachama hurudi mlangoni kwa mnunuzi yule yule. Mhubiri wa Rugera, Karagwe, anaposoma kwamba bwana huvuna asipopanda, wapo waumini wanaomfahamu bwana huyo kwa jina, na pengine amekaa benchi la mbele. Kumwambia mkulima huyo kwamba umaskini wake ni talanta aliyoifukia ni kumwongezea mzigo aliotwishwa na mwingine.

Isitoshe, watu wa kale wenyewe hawakuwa na utulivu juu ya mfano huu. Eusebio wa Kaisaria, katika karne ya nne, alitaja injili iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania ambamo aliyehukumiwa vikali ni mtumwa aliyetapanya mali ya bwana wake kwa makahaba na wapiga filimbi, wakati aliyeficha alikemewa tu. Marabi nao, katika Bava Metzia, walifundisha kwamba fedha ya amana hulindwa kwa kufukiwa ardhini. Na talanta haikuwa sarafu ya mfukoni: ilikuwa denari 6,000 hivi, ujira wa kibarua kwa miaka ipatayo 20. Mtu aliyekabidhiwa kiasi hicho akaogopa hakuwa mjinga.

Lakini ili mtumwa wa tatu awe shujaa, Herzog analazimika kuutoa mfano ndani ya Mathayo, na hapo ndipo naachana naye. Mathayo ameuweka kati ya nguzo mbili. Baada yake yanakuja mataifa yanayohukumiwa kwa kadiri yalivyowalisha wenye njaa na kuwatembelea wafungwa. Kabla yake, mwishoni mwa sura ya 24, yupo mtumwa aliyewekwa juu ya nyumba ili awape watumishi wenzake chakula kwa wakati wake. Mwovu akiona bwana anakawia, huanza kuwapiga wenzake na kula na walevi. Katika mfululizo huo wote, hapo ndipo kazi ya mtumishi mwaminifu inapotajwa waziwazi, nayo ni kuwalisha wenzake. Msomaji anayeuliza kuzalisha kunakosifiwa katika sura ya 25 ni kwa faida ya nani ameshajibiwa sura moja kabla. Kosa la mtumwa wa tatu, kwa usomaji huu, ni kwamba hofu yake kwa bwana ilimfanya aifungie ardhini mali ambayo ingewafaa wa nyumbani mwake. Herzog anaona bwana na mtumwa tu. Wenzake wa mtumwa wametoweka. Wahubiri wa mafanikio nao wamewasahau hao hao.

Kuhusu bwana kuwa mbali, kama yule anayekawia katika Mathayo 24, Kagera ina historia yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Betheli, makundi ya Waprotestanti wa Bukoba yalibaki mikononi mwa Wahaya wenyewe, wakiongozwa na Andrea Kajerero. Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu huko na kuiandika historia hiyo, anampa nafasi kubwa, na anastahili. Hakukuwa na mshahara wala ripoti ya kupeleka Ulaya. Hata hivyo makundi yaliendelea kukusanyika, kusoma na kusali: uaminifu ulikuwa kwa wenzao, si kwa bwana aliye mbali.

Ushahidi ninaouthamini zaidi, hata hivyo, uko kwenye banda la ng'ombe. Tangu miaka ya 1980, miradi ya maziwa mkoani Kagera, ya makanisa na ya serikali pamoja na wafadhili, imetumia utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Familia hujenga banda kwanza, hupanda majani ya malisho, hujifunza kutunza, ndipo hukabidhiwa mtamba chotara. Maziwa ni yao. Samadi huenda kwenye kibanja, chini ya migomba na mibuni. Deni halilipwi kwa fedha. Mtamba anayezaliwa hulelewa, kisha hukabidhiwa familia nyingine iliyokwisha kujenga banda na inayongoja.

Tazama faida inavyosafiri hapa. Haipandi kwenda kwa mtoaji, wala haikai yote kwa mpokeaji. Inavuka uzio kwenda kwa jirani. Kwa hiyo jirani si mtazamaji. Ana haki ya kupita bandani, kuuliza kama ng'ombe amepandishwa, kama ameogeshwa dawa ya kupe, kwa nini majani yamepungua. Katika usharika wa kawaida maswali ya namna hiyo kwa mzee wa kanisa yangeitwa utovu wa heshima. Katika kikundi cha familia zinazopokezana mitamba ndiyo kazi ya mwanachama, na anayeuza ndama kimya kimya hakumdhulumu mfadhili wa ng'ambo, amemdhulumu mama wa ng'ambo ya barabara aliyekwisha kupanda majani. Sijui ufafanuzi mwingine wa Mathayo 24 ulio wazi kuliko huu.

Nitaambiwa kwamba miradi hiyo imeyumba: wapo wasiolipa, wapo ambao ng'ombe wao walizaa ndama dume mfululizo, wapo waliompoteza ng'ombe kwa ndigana kali. Ni kweli, na la mwisho linagusa pengo kubwa la mfano wenyewe. Kati ya watumwa watatu hakuna aliyejaribu akapata hasara. Karagwe na Kyerwa zimejaa watu wa namna hiyo. Mnyauko wa migomba, uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, uling'oa vibanja vya watu wenye bidii na vya wavivu bila kubagua, na mnyauko wa kahawa ulikuwa umetangulia. Kama kipimo ni wingi wa mavuno, hao wote ni watumwa wabaya. Kama kipimo ni hesabu iliyo wazi mbele ya wenzako, kikundi kinachojua kila banda kinaweza kumtofautisha mzembe na aliyefiwa na ng'ombe, na huyo wa pili abaki mwaminifu, mikono mitupu.

Litakuja pingamizi la fedha. Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, iliyoanzishwa 1979, ina hospitali ya Nyakahanga, shule na wachungaji. Haiwezi kuishi kwa tafakuri. Sipingi fungu la kumi wala mnada wa mavuno. Napinga hesabu inayotoka chini kwenda juu peke yake. Usharika unaosoma majina ya waliotoa usome pia, kwa ukamilifu ule ule, matumizi.

Jambo gumu zaidi nadhani ni benchi la mbele. Mnunuzi wa butura anapoleta sadaka nono, desturi ni kumpigia makofi na kumtaja kama mfano wa mtumishi aliyezalisha. Baraza la wazee lina sababu ya kibiblia ya kuacha makofi hayo na kumtembelea kwanza, likiwa na swali moja: magunia hayo yalitoka kwenye mibuni ya nani, na kwa bei gani Januari. Lina wajibu pia wa kufungua mfuko wa mkopo mdogo wa Januari kutokana na sadaka hizo hizo, ulipwe kwa kahawa ya Julai kwa bei ya ushirika. Pasipo mfuko huo, swali la wazee litakuwa marufuku nyingine tu.