Mimea inayolinda ini

Mimea inayolinda ini ni mimea ya dawa ambayo dondoo zake, yaani maji au unga unaotolewa kwenye mizizi, magamba au majani, hupunguza madhara ya kemikali kwenye ini. Kwa mingi kati yake jambo hilo limeonekana kwa panya wa maabara tu.

Ini hubadilisha sehemu kubwa ya vitu vinavyomezwa, na mara nyingine mabadiliko hayo ndiyo yanayozaa sumu. Parasetamoli ikizidi kipimo, sehemu yake hugeuzwa kuwa kemikali kali inayomaliza glutathioni, kinga ya seli, kisha seli hufa. Tetrakloridi ya kaboni, kiyeyushi kilichowahi kutumiwa na madobi, hugeuka kuwa chembe zinazoharibu mafuta ya utando wa seli. Kwa hiyo watafiti hutumia kemikali hizo kuumiza ini la panya kwa makusudi. Mara nyingi panya hupewa dondoo kabla ya sumu au pamoja nayo, kisha hupimwa damu: vimeng'enya vya ALT na AST vikipanda kidogo, ni dalili kwamba seli chache zimeharibika.

Mtandamboo

Nchini Tanzania mtandamboo (Carissa spinarum, huitwa pia Carissa edulis) unajulikana zaidi kwa jina la mugariga. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeitwa Babu wa Loliondo, aligawa dawa ya mizizi yake kijijini Samunge kwa shilingi 500 kikombe. Maelfu walipanga foleni wakitarajia kupona UKIMWI, kisukari au saratani, na baadhi waliacha dawa za hospitali. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa India walikuwa wamechapisha majaribio ambamo dondoo la mizizi ya mmea huohuo lilipunguza madhara ya tetrakloridi ya kaboni na parasetamoli kwa panya. Majaribio hayo hayakuhusu magonjwa yaliyowapeleka watu Samunge.

Matumizi kwa binadamu

Mlonge nao umelinda ini la panya waliopewa dawa za kifua kikuu. Iliyochunguzwa zaidi kwa binadamu ni silimarini, ya mmea wa Mediteranea uitwao Silybum marianum. Katika Ulaya sindano ya silibinini, sehemu ya silimarini, hutumika kwa waliokula uyoga wenye sumu wa Amanita phalloides. Hata hivyo, katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, silimarini haikuwasaidia wagonjwa wa homa ya ini aina ya C.

Kwa wakulima wa mahindi wa Ilongero, mkoani Singida, sumu ya ini iliyo karibu zaidi ni sumukuvu, inayotokana na kuvu wa nafaka isiyokaushwa vizuri. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Hakuna dondoo la mmea lililothibitishwa kuitibu. Huzuiwa shambani na ghalani, kwa kukausha mahindi juu ya turubai na kutupa punje zilizoota ukungu, ambazo hata kupikwa hakuziondolei sumu.