Kutoka Kipande hadi Laini: Daftari na Faragha Kiamunyi

Kiamunyi ni mtaa wa makazi ulio kaskazini-magharibi ya jiji la Nakuru, kando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine, chini ya miteremko ya mlima Menengai. Wanaishi humo wafanyakazi wa mjini, walimu, wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo na wastaafu waliojenga kwenye ploti zao. Siku moja tu inamtosha mkazi wa hapa kulipa nauli kwa simu, kuomba cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kukopa pesa kidogo na kujibizana na majirani kwenye kikundi cha WhatsApp. Kila tendo huacha jina lake mahali. Maoni ya watu kuhusu jambo hilo hayakuzaliwa na intaneti. Yamejengeka kwa zaidi ya miaka mia moja, kila mara mtu wa eneo hili alipotakiwa kuandikwa, na swali lililoyaongoza ni moja: daftari linakaa kwa nani?

Daftari la kwanza lilikuwa kipande. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na ardhi nzuri iliyouzunguka mji huo ikatengewa walowezi wa Kizungu waliohitaji vibarua wengi. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, lakini ilianza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, pamoja na jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoiacha. Karatasi hiyo ilikunjwa ikatiwa ndani ya kijaluba cha bati, na kijaluba kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Waliokivaa walikifananisha na njuga anayofungwa mbuzi.

Uzito wa kipande ulikuwa katika saini ya kuondokea kazini. Kibarua ambaye tajiri wake hakumtilia saini hiyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine kihalali, na akitoroka, kumbukumbu za vidole zilizowekwa Nairobi zilitumika kumsaka. Mwaka 1921 mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikiweka kipande miongoni mwa malalamiko yao makuu dhidi ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe. Walowezi wengi wakapinga vikali kutiwa alama za vidole, kitu ambacho Waafrika walikuwa wamekivumilia kwa karibu miaka 30, hadi serikali ikawalegezea masharti. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978.

Kujulikana tu hakukuwa kero. Kijijini kila mtu alijua ukoo wa mwenzake, shamba lake na madeni yake. Kilichouma ni kwamba mtu alibeba shingoni maandishi yanayomhusu ambayo mara nyingi hakuweza kuyasoma, na aliyeweza kuyasoma ndiye aliyeshika riziki yake. Jina la kitu hicho halijafa. Hadi leo, karani au wakala wa Nakuru akimwambia mteja alete kipande, anaulizia kitambulisho cha taifa, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi wilayani Nakuru yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi, yakagawanywa vipande vidogo. Mawasiliano ya familia zilizohamia huko yalipitia mikono ya watu. Nyumba nyingi hazikuwa na sanduku la posta. Barua ilitumwa kupitia sanduku la shule, la kanisa au la mwenye duka, ikasubiri mezani kwa mwalimu mkuu mpaka mwanafunzi aipeleke nyumbani. Bahasha iliyofika ikiwa imefunguka kidogo pembeni ilizua maneno. Simu za mashambani ziligawana waya mmoja. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, na aliyeinua mkono wa simu wakati jirani akizungumza alisikia yote, kama alivyosikia karani wa kituo aliyeunganisha laini kwa mkono. Shirika la Posta na Simu la Kenya liliundwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Chini yake mwombaji aliweza kusubiri miaka kabla ya kuvutiwa waya, na wengi walitegemea vibanda vya simu mjini, ambako foleni iliyo nyuma ilisikia kila neno. Hapo ndipo watu walipojiwekea kanuni ya kwanza ya faragha, isiyoandikwa popote: mambo ya pesa, ugonjwa na posa hayasemwi simuni.

Huduma za kibiashara za intaneti zilianza Kenya katikati ya miaka ya 1990. Africa Online, mojawapo ya kampuni za mwanzo, iliasisiwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani. Mwaka 1998 Shirika la Posta na Simu lilifungua Jambonet, njia yake ya kuunganisha nchi na ulimwengu, na mwaka uliofuata shirika lenyewe likagawanywa kuwa kampuni ya simu, shirika la posta na tume ya mawasiliano. Mawasiliano yalipitia setilaiti, yakawa ya polepole na ya bei ghali. Kwa hiyo intaneti iliwafikia watu wa kawaida wa Nakuru kwa njia ya saiba, chumba cha kompyuta kadhaa ambamo mteja alilipia kwa dakika. Kwa kuwa dakika zilihesabiwa, maoni ya mwanzo kuhusu mtandao yalikuwa juu ya kasi yake: ukurasa usiofunguka ulikula pesa. Malalamiko ya pili yalikuwa virusi vilivyoingia kwa diski za mkononi. Faragha ilikumbukwa mwisho, pale mtu alipoondoka mbio dakika zake zikikatika na kuacha barua pepe yake wazi kwa anayemfuata.

Nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, zilishusha gharama na kuleta intaneti kwenye simu. Wengi walidhani saiba zingekufa. Zilibaki kwa sababu serikali ilihamishia huduma zake mtandaoni: kodi ikaingia kwenye mfumo wa iTax, na mwaka 2014 eCitizen ikafunguliwa kwa vyeti, pasipoti na leseni. Mzee asiyejua kutumia kompyuta humkabidhi kijana wa saiba kitambulisho na simu yake. Kijana humfungulia akaunti, humtungia nywila, huiandika kwenye daftari lake la kurasa 96 ili mzee asisumbuke akirudi, kisha humpa karatasi iliyochapishwa. Mzee anaondoka na karatasi, nywila inabaki saiba. Pande zote mbili huliona jambo hili kuwa msaada, na mara nyingi ni msaada kweli. Lakini kwa miaka mingi funguo za kodi, shamba na leseni za mtu zimekaa ndani ya daftari la shule juu ya kaunta.

Simu ya mkononi ilienea baada ya mwaka 2000, kampuni za Safaricom na Kencell zilipoanza kushindania wateja. Wakati huo laini iliuzwa kama kiberiti, bila jina. Hali hiyo ilibadilishwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Nakuru na mitaa yake iliumia sana mwezi Januari 2008, na ujumbe mfupi wa kuchochea chuki ulipita simuni bila mtumaji kujulikana. Serikali ilifikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi. Hatimaye haikuzimwa, na Safaricom ikawatumia wateja wake ujumbe wa kuhimiza amani. Usajili wa laini ulianza mwaka 2010, na zile ambazo hazikusajiliwa hadi mwisho wa 2012 zikakatwa.

Maoni yakagawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha. Waliopoteza jamaa au nyumba walisema mtu mwema hana sababu ya kuficha jina. Wengine walikumbuka kipande, wakauliza serikali itafanya nini na orodha ya kila anayempigia mwenzake. Usajili wenyewe ulifanywa haraka, mara nyingi na mawakala chini ya miavuli kando ya barabara. Kwa hiyo mwaka 2022, mamlaka ya mawasiliano ilipotaka taarifa zihakikiwe upya kwa makataa ya Aprili yaliyosogezwa hadi Oktoba, wateja wa Safaricom walihimizwa kubonyeza *106# kuona laini zilizo chini ya vitambulisho vyao. Wapo waliokuta laini wasizozijua. Mtu aliyeandikishwa kwa ajili ya usalama wake akagundua kwamba jina lake lilikuwa limetumiwa na mwingine.

M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007, na ndani ya miaka michache kila kituo cha matatu kilikuwa na wakala. Juu ya kaunta kulikuwa na kitabu kirefu chenye safu za tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi na saini. Mteja alipoinama kuandika mstari wake, mistari ya waliomtangulia ilikuwa mbele ya macho yake: jirani ametoa shilingi ngapi, na namba yake ni hii. Wanawake walipigiwa simu na watu wasiowajua. Matapeli nao walipata walichohitaji ili kumwambia mtu, kwa jina lake kamili, kwamba ametumiwa pesa kimakosa na anaombwa azirudishe. Ulaghai wa kuibia mtu laini yake na kukomba akaunti zake ulikua pia, na jina la Mulot, kituo kilicho kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet, likasikika mara kwa mara katika taarifa za polisi.

Mikopo ya simu ilifuata. M-Shwari ilianza Novemba 2012, na baada yake zikaja programu nyingi za kukopesha zisizohitaji dhamana wala mdhamini. Dhamana ilikuwepo, ila mkopaji hakuiona. Kabla ya kutoa mkopo, programu iliomba kusoma orodha ya majina yaliyomo simuni, naye akabonyeza kuruhusu. Alipochelewa kulipa, simu ilipigwa kwa shemeji, kwa mwajiri, kwa mwenyekiti wa chama. Aibu ikawa chombo cha kudai deni. Hakuna somo la faragha lililoeleweka upesi kuliko hilo, kwa sababu lilifundisha kwamba taarifa za mtu si zake peke yake: aliyebonyeza aliwatoa pia watu wote aliowahifadhi simuni.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza Huduma Namba, usajili mpya wa kila mkazi uliofanywa kati ya Aprili na Mei kupitia machifu na manaibu wao. Watu walipanga foleni wakihofia kunyimwa huduma. Jumuiya ya Wanubi na mashirika ya haki za binadamu walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwezi Januari 2020 ilikataza kukusanya vinasaba na kurekodi kwa setilaiti mahali mtu anapoishi, na kuagiza sheria kamili iwekwe kwanza. Mwezi Oktoba 2021 mahakama ilibatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa athari kwa faragha hazikutathminiwa mapema. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Wakenya wengi waliofungua eCitizen walijikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo.

Msingi wa hukumu hizo ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019, na Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Data Novemba 2020. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa aeleze sababu, achukue zile tu zinazohitajika, na akivujiwa amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Mwezi Septemba 2023 ofisi yake ilizitoza faini taasisi tatu kwa siku moja. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wasiohusika na deni, klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mwezi uliotangulia serikali ilikuwa imesimamisha Worldcoin, mradi uliowapa watu malipo ili wapigwe picha ya mboni za macho. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru picha hizo zifutwe.

Madaftari hayajapungua Kiamunyi. Mgeni anayefika kwenye lango la ploti humkuta askari na kitabu, huandika jina, kitambulisho na namba ya simu chini ya majina ya wageni wa jana. Mwenye nyumba huhifadhi nakala za vitambulisho vya wapangaji, kamera hutazama njia, na kikundi cha majirani husambaza picha ya mtu anayeshukiwa kabla hajaulizwa. Biashara ndogo, yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna, lakini wajibu wa kulinda taarifa unaibana kama unavyozibana kampuni kubwa. Mwenye saiba na mwenye lango wamo.

Badiliko kubwa liko katika haki ya anayeandikwa. Kibarua wa mwaka 1920 hakuwa na mahali pa kuuliza kipande chake kimeandikwa nini. Mkazi wa leo anaweza kumtaka mwenye daftari, mkubwa au mdogo, amwonyeshe kilichoandikwa, amweleze ni cha nini, akisahihishe kikikosewa, na akifute kama hakihitajiki tena. Asipojibiwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna bila malipo ya wakili, nayo yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90.