Mapome ni ya nani: Iduna ao Freia?
Wandugu, nilikuwa natafutia mtoto wa dada yangu hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini, nikapata mbili zinazopingana. Katika The Children of Odin, kitabu cha watoto cha Padraic Colum (1920), Iduna ndiye analinda mapome yanayozuia miungu kuzeeka. Katika kile kinachosimulia opera ya Wagner, Das Rheingold (1869), mwenye mapome ni Freia. Mie wa kilimo, matunda ndiyo yalinishika!

Kumbe Colum anafuata Snorri Sturluson, aliyeandika kule Iceland karne ya 13. Wagner ndiye aliunganisha wanawake wawili: majitu yaliyojenga Valhalla yanamchukua Freia, na miungu inaanza kuzeeka palepale.

“Mjomba, ya kweli ni ipi?” Nikamsomea zote, pamoja na majina ya waandishi.