Ndege wageni wa kaskazi Mkomani: Kujua maji ndiyo kinga ya mtazamaji

BARIDI inapoanza kuuma Siberia na kaskazini mwa Ulaya, ndege wa ufuoni hufunga safari ya maelfu ya kilomita kuelekea kusini. Baadhi yao hutua katika pwani ya Kenya, zikiwemo fuo za Mkomani katika eneobunge la Nyali, kaunti ya Mombasa. Wa kwanza huwasili mwezi Agosti, nao wa mwisho huondoka Mei.

Kipindi ambacho kwao ni cha theluji na giza, kwa wakazi wa pwani ni msimu wa kaskazi, joto likiwa katika kilele chake. Ndege hao huwa wamekimbia baridi, lakini anayetoka kwenda kuwatazama hukumbana na jua kali, upepo, tope na maji yanayojaa kwa kasi. Ajali nyingi za aina hii huweza kuepukwa na mtu anayefahamu jinsi bahari inavyojaa na kupwa.

Wageni wenyewe

Wengi wa ndege hawa ni wa jamii ya vitwitwi na sululu. Sululu hutambulika kwa urahisi kutokana na mdomo wake mrefu uliopinda kuelekea chini, autumiao kuchokoa kaa katika mashimo yao. Vitwitwi ni wadogo, wana rangi ya kijivu na weupe, na huenda kwa makundi. Wapo wanaokimbizana na mawimbi ukingoni mwa maji, na wapo wanaopindua mawe na mwani wakitafuta wadudu waliojificha chini yake.

Mmoja wa wasafiri wa mbali zaidi ni kitwitwi ajulikanaye kwa jina la kitaalamu Calidris ferruginea, ambaye hutaga katika nyika za barafu za Siberia. Awapo pwani ya Kenya huwa wa kijivu, lakini kufikia Aprili kifua chake huanza kugeuka chekundu kama tofali, ishara kwamba safari ya kurudi imekaribia.

Mgeni mwingine mashuhuri ni Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Yeye hatoki katika barafu bali hutaga katika visiwa na fuo zenye joto za Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, akichimba shimo mchangani na kuliachia jua kazi ya kulipasha yai joto. Makundi yake makubwa huonekana Mida Creek karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi.

Mahali pa kuwatazama

Mkomani ina pande mbili zinazofaa. Upande wa mashariki ni ufuo wa bahari kuu, ambako mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi na kuacha maji tulivu kati yake na nchi kavu. Bahari iliyo mbele ya Nyali na Bamburi imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986 na inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Upande wa pili ni hori la Tudor, mkono wa bahari unaopakana na kisiwa cha Mombasa, wenye mikoko na maeneo mapana ya tope.

Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope na mwamba wakitafuta chakula. Yakianza kujaa, husogezwa hatua kwa hatua kuelekea nchi kavu. Kwa sababu hiyo, asiyetaka kupata taabu hana haja ya kuwafuata ndege. Huketi ufuoni saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa, akaiacha bahari imletee.

Hesabu ya maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa 25. Nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana.

Wakati wa bamvua, maji hupwa sana mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mwendo wa saa kumi au saa kumi na moja alasiri. Hivyo, upande wa bahari kuu hufaa zaidi alasiri, jua likiwa nyuma ya mtazamaji. Upande wa hori la Tudor hufaa asubuhi kwa sababu hiyo hiyo, hasa siku za maji mafu ambapo maji hujaa kabla ya adhuhuri. Hata hivyo, makadirio haya hayachukui nafasi ya jedwali la maji la siku husika. Wavuvi nao ni washauri wema.

Hatari kubwa imo katika mwendo wa maji yenyewe. Maji hayapandi kwa kiwango kimoja. Katika saa ya kwanza hupanda taratibu, lakini saa ya tatu na ya nne hubeba karibu nusu ya maji yote. Kwa bamvua ya mita 3, hiyo ni mita moja na nusu kwa muda wa saa mbili, kina kinachompita mtu mzima kifuani.

Aidha, anayetembea hadi kwenye mwamba maji yanapokupwa hudhani kuwa bahari itarudi ikitokea mbele yake. La hasha. Maji hupenya kwanza katika mikondo na mabonde yaliyo kati ya mwamba na ufuo, nyuma ya mgongo wake. Anayekodolea darubini ndege huweza kugutuka njia ya kurudi imekwisha kukatwa. Kanuni salama ni kuanza kurejea kabla maji hayajageuka, wala si baada ya kuona yakipanda.

Jua, tope na miiba

Joto la mchana Mombasa kati ya Januari na Machi hufikia nyuzi 32 na zaidi, nayo hewa huwa na unyevu mwingi. Mapema mwezi Machi jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Upepo wa kaskazi huwahadaa wengi kwa kupoza ngozi, ilhali jua linaendelea kuunguza na mwili kupoteza maji.

Mtazamaji anashauriwa kuvaa kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu, na kunywa maji kabla kiu haijambana. Mtu anayeumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu apelekwe kivulini na kupewa maji kidogo kidogo. Akianza kupayuka au kupoteza fahamu huku mwili ukiwa moto, hiyo ni dharura. Alowanishwe maji, apepewe na kukimbizwa hospitalini, wala asinyweshwe chochote akiwa hajitambui.

Kwenye mwamba, viatu vya raba vyenye soli ngumu ni lazima. Wapo viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na yupo samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe. Aliyechomwa na samaki huyo atumbukize mguu katika maji ya moto yasiyounguza ili kupunguza maumivu, kisha afike hospitali bila kukawia.

Katika tope la mikoko, aliyezama asivute mguu kwa nguvu, kwani huzidi kuzama. Aegemee nyuma ili uzito utawanyike, na auchezeshe mguu polepole mpaka utoke. Ni vyema kutembea wawili au zaidi, kumwarifu mtu wa nyumbani kuhusu mahali na saa ya kurudi, na kuhifadhi simu katika mfuko usiopenya maji. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112. Vilevile, darubini na kamera zisielekezwe kwenye kambi za kijeshi.

Usalama wa ndege

Ndege hawa nao wamo hatarini. Oktoba mwaka wa 2024, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilipandisha kiwango cha hatari kwa aina 16 za ndege wahamaji wa ufuoni. Miongoni mwao ni yule kitwitwi wa Siberia, ambaye sasa ameorodheshwa kuwa katika hatari ya kutoweka.

Kila wanaporushwa na watu au mbwa, ndege hao hutumia mafuta waliyoyaweka mwilini kwa ajili ya safari. Anayerushwa mara nyingi mwezi wa Machi na Aprili huenda akaondoka akiwa dhaifu, na asifike. Kundi likinyanyua vichwa na kuacha kula, mtazamaji amekwisha kukaribia kupita kiasi na anapaswa kurudi nyuma.

Kenya ilijiunga na mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu mwaka wa 1990, na mwaka wa 2001 ikajiunga na mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Hesabu ya ndege wa majini imekuwa ikifanywa nchini mwezi wa Januari tangu miaka ya 1990, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na shirika la Nature Kenya yakiwa miongoni mwa wahusika, na watu wa kujitolea hushiriki.

Kwa anayeanza, darubini ya kawaida, daftari na jedwali la maji vinatosha. Akichagua saa ifaayo na kuketi mahali pamoja kwenye mchanga mkavu, atawaona ndege wengi zaidi ya anayewakimbilia mwambani, nao watabaki na nguvu za kurudi kwao.