Msiba, Ngoma na Fedha: Vikundi vya Wanawake Katika Mji wa Ifakara

Anayeuliza historia ya vikundi vya wanawake Ifakara aghalabu huelekezwa kwenye VICOBA, yaani benki za kijamii vijijini, au kwenye ile asilimia nne ya mapato ya ndani ambayo sheria huitaka halmashauri iwakopeshe wanawake. Mwanzo huo si sahihi, na kosa lake lina gharama. Hoja ya makala haya ni kwamba mambo ambayo maofisa wameyahesabu kuwa pambo la kikundi, yaani ngoma, sare, kumcheza mwali na kuzikana, ndiyo yanayoilinda fedha. Tangu miaka ya 1950 mipango imekuja mmoja baada ya mwingine ikitaka kazi ya kikundi bila ushirika wenyewe.

Katika bonde la Kilombero, miongoni mwa Wapogoro, Wandamba, Wabena na Wambunga, wanawake walikuwa na mpangilio wao kabla ya ofisi yoyote kuwapangia. Utafiti wa Maia Green kwa Wapogoro wa Ulanga, uliochapishwa kama kitabu mwaka 2003, unaonyesha jinsi kumtunza mwali na kuomboleza wafu kulivyowekwa mikononi mwa wanawake. Shughuli hizo haziendi kwa kubahatisha. Kuna anayeongoza na anayefundishwa, kuna wa kuleta kuni na wa kuleta unga, na asiyetokea hukumbukwa. Kwa kipimo chochote cha elimu ya jamii, hiyo ni taasisi.

Serikali ya kikoloni haikuiona hivyo. Tanganyika Council of Women ilipoundwa mwaka 1951, na Idara ya Maendeleo ya Jamii ilipokuwa ikieneza klabu za wanawake, somo lilikuwa kushona, kufuma, mapishi na usafi wa nyumba. Mwanamke alitazamwa kama mtu aliyekaa peke yake nyumbani akisubiri kukusanywa. Miaka michache baadaye Dar es Salaam ilitoa jibu. Kuanzia 1955 Bibi Titi Mohamed, mwenyewe mwimbaji wa kikundi cha ngoma, aliwafuata wanawake kupitia vikundi hivyohivyo vya ngoma na kuwaingiza katika chama cha TANU kwa maelfu, kama mwanahistoria Susan Geiger alivyoeleza kwa kina. Hawakuhitaji kufundishwa kuungana. Ajabu ni jinsi somo hilo lilivyosahaulika upesi: Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT) ulipoanzishwa mwaka 1962, kushona na mapishi vilirudi kwenye ratiba, na ngoma ikabaki ya kupokelea wageni.

Ifakara yenyewe ina matabaka mengi ya ushirika. Makanisani wapo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanza mwaka 1972, ambao ulikuwapo miaka mingi kabla Ifakara haijawa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mahenge. Upo ushirika wa wafumaji, Ifakara Women Weavers Association, wenye vitambaa vya pamba vinavyofumwa kwa mkono. Upo upatu wa mtaani na kijumbe wake, mkusanyaji wa michango. Mwanamke mmoja anaweza kuwa katika vikundi viwili au vitatu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo takwimu za usajili zinapopotosha.

Lakini jambo linaloitofautisha Ifakara na miji mingine midogo ni mpunga. Mvua zinapokolea, familia nyingi huhamia mashambani, mbali na mji, zikaishi kwenye vibanda na madungu kwa wiki au miezi, kupanda, kupalilia, kisha kulinda ndege. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa rasmi mwaka 2018, mwenye shamba upande wa Ulanga alitegemea kivuko. Kikundi kinachokutana kila wiki, kama kanuni za VICOBA zinavyotaka, hutawanyika msimu unapoanza, na ndio wakati ambao fedha inahitajika zaidi. Asiye na pa kukopa huuza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa. Mwenye kikundi huvuka msimu kwa mkopo, akavuna, akausubirisha mpunga ghalani hadi bei ipande.

Swali la kitaaluma ni hili: mkopaji akiwa shambani, mbali na kikao na sanduku la akiba lenye kufuli tatu, ni nini kinachomrudisha kulipa? Si hati ya nyumba, maana hakuiweka. Wakopeshaji wa kausha damu, wenye riba kali, hujibu swali hilo kwa kubeba kochi na sufuria. Kikundi kina jibu jingine. Wanaomdai ndio waliompikia siku ya matanga ya mama yake, na ndio atakaowahitaji binti yake atakapotolewa mwali. Deni la fedha limelazwa juu ya deni la utu, na la pili halina tarehe ya kwisha.

Sisemi kwamba vikundi hivi havina ubaya. Sare ya kitenge kwa kila harusi humwondoa mjane mwenye biashara ya mboga kabla hajatamka neno, na akishakosa harusi huona haya kwenda hata msibani. Mwenye mshahara wa hospitali hubeba michango ambayo mkulima hawezi. Dhamana ya utu huwalinda walio ndani tu, na mtafiti anayesifu ushirika bila kuuliza nani amebaki nje anafanya nusu ya kazi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Ina faida, kwani mhazini akitoroka na fedha kuna pa kushtaki. Fomu, hata hivyo, huuliza katiba, viongozi na akaunti. Vikundi hewa vilivyotajwa katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, vilivyochukua mikopo ya halmashauri na kutoweka, havikushindwa kujaza fomu. Kilichokosekana ni wanachama waliowahi kuzikana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na uhakiki umeongezwa. Ningependa uhakiki huo ufike kwenye daftari la mfuko wa jamii wa kikundi, lile linamoandikwa nani alifiwa, nani alijifungua, kikundi kilitoa nini na nani alikwenda. Ningependa pia marejesho ya Ifakara yafuate mavuno ya mpunga badala ya mwezi wa kalenda. Yote mawili yanawezekana ndani ya ofisi ya maendeleo ya jamii iliyopo, bila kuunda kikundi kipya hata kimoja.