Mtumishi wa Leta na Jirani Asiyemwona



Katika sura ya tatu ya Injili ya Luka, watoza ushuru na askari wanamwendea Yohane Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini. Yohane hawaamuru waache kazi. Anawataka watoza ushuru wasidai kupita kiwango kilichowekwa, na askari wasimnyang'anye wala kumsingizia mtu, bali waridhike na mshahara wao. Swali lile linatuhusu sisi wa Nguba. Leo tunaifahamu ofisi ya Leta kutoka upande wa wanaongoja. Kesho baadhi yetu tutaketi upande wa pili wa meza. Yafaa tujue meza hiyo imetoka wapi.

Wazee wetu waliiita serikali ya kikoloni Bula Matari, yaani mvunja mawe. Lilikuwa kwanza jina la Stanley, kisha likawa jina la utawala mzima. Mtumishi wake alipofika kijijini, alikuja kuhesabu watu, kudai kodi na kupeleka vijana kazini. Kiboko kilikuwa adhabu halali hadi miaka ya 1950. Hata mji wetu, uliokuwa ukiitwa Costermansville, uligawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu walijenga kando ya ziwa, upande huu wa Ibanda, na Waafrika wakapangiwa Kadutu na baadaye Bagira. Mwananchi alijifunza kuvua kofia mbele ya karani. Karani hakufundishwa kumheshimu mwananchi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, waliokaa mezani walibadilika, lakini desturi ya meza ilibaki. Kisha umaskini ukaongeza uzito wake. Mwaka 1994 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000, na mshahara wa mtumishi ukawa hauna maana. Watu wakasema kwa mzaha kwamba wanaishi kwa "Kifungu cha 15", kifungu kisichoandikwa popote, kinachomwambia kila mtu ajitafutie. Mwalimu alijitafutia kwa wazazi, askari kwa wapita njia, karani kwa mwenye kuhitaji muhuri. Matabishi yakawa kama sehemu ya kazi. Tusiwahukumu haraka wazazi wetu waliolisha nyumba katika miaka ile. Lakini tusikubali pia kwamba njaa ya mtumishi inafuta haki ya mjane anayesubiri mlangoni.

Tarehe 3 Oktoba 2002, amri yenye nguvu ya sheria, namba 017/2002, iliweka kanuni za mwenendo wa mtumishi wa umma. Inamtaka awe mwadilifu, asipendelee mtu, wala asigeuze cheo kuwa chombo cha kujitajirisha. Ilitiwa saini Kinshasa wakati Bukavu ilikuwa bado chini ya waasi wa RCD, watawala wale wale waliomzuia Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko kukaa jimboni mwake kwa miezi saba katika mwaka 2000, baada ya kukemea unyonyaji wa watu wake. Miaka minne baadaye, Katiba ya 18 Februari 2006 ikasema katika kifungu cha 193 kwamba utawala wa umma hauna chama wala upendeleo, na kwamba hakuna aruhusiwaye kuutumia kwa faida yake binafsi.

Maandiko hayo ni mazuri. Lakini karatasi haisimami mlangoni. Mtu ndiye asimamaye. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Goma, alikuwako mtu kama huyo. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akawa mmoja wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na muda wake wa ziada aliwapa maibobo, watoto wa barabarani. Aliajiriwa na OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Mwaka 2007 alikataa fedha alizopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kivuke mpaka. Fedha, alieleza, zingekwisha upesi; na wale ambao wangekula chakula kile? Alitekwa tarehe 7 Julai, akauawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma.

Tazameni ni nani aliyeheshimiwa na kijana huyu. Walaji wa chakula kile hawakuwa mbele yake. Hakuwajua majina, wala wao hawakujua kwamba yupo mtu aliyewalinda. Mara nyingi tunadhani heshima ya mtumishi ni salamu njema na sauti ya upole. Hayo yanahitajika, kwani mama aliyetoka mbali hastahili kufokewa. Lakini karani aweza kutabasamu huku akiuza haki ya mtu mwingine. Heshima kamili humfikia pia jirani asiyeonekana: mtoto atakayekunywa dawa iliyokaguliwa, familia itakayojenga penye kiwanja kilichopimwa kwa kweli.

Ujasiri wa namna hiyo haungoji siku ya kuajiriwa. Mweka hazina wa kikundi chetu anaufanyia mazoezi anapotoa hesabu ya michango; kiongozi anapoandika majina ya wasafiri bila kuwatanguliza rafiki zake; mwanafunzi anapokataa kununua alama. Floribert alipofika mpakani, alikuwa amekwisha kuzoea kuwatazama maibobo kama watu.

Tutafakari pamoja:
1. Ni lini nimepokewa ofisini kama mtu mwenye hadhi, na ni lini sivyo? Nilijifunza nini?
2. Je, nami nimetoa matabishi ili niwapite wengine? Ni nani aliyebaki nyuma kwa sababu yangu?
3. Katika wajibu nilio nao leo, ni jirani gani nisiyemwona anayenitegemea?

Mwenye Heri Floribert, utuombee.